Mwalimu wa Saa za Jioni

Kuna swali ambalo huulizwa kwa mzaha vijijini na kwa uzito maofisini. Mtu aliyejifunza ualimu vipande vipande, wiki mbili mwaka huu na Jumamosi chache mwaka ujao, huku akiendelea kulima shamba lake au kusomesha watoto asubuhi, je, huyo ni mwalimu ama ni nusu mwalimu? Swali hili huwaelemea zaidi wale wanaosomesha watu wazima, kwa kuwa wengi wao, tangu kazi hiyo ilipoanzwa kwa nguvu nchini Tanzania, hawakupata kukaa chuoni mwaka baada ya mwaka wakafundwa kazi hiyo peke yake. Kwa juu ni swali la ufundi. Kwa ndani ni swali la maadili. Mtu mzima aliyeacha shughuli zake akaja kuketi darasani anastahiki apewe nini? Na huyo anayempa, naye anastahiki nini?

Mizani ya swali hili huonekana vizuri zaidi mbali na bahari. Itaka ni kata ya Wilaya ya Mbozi, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ni nyanda za juu za kusini, upande ambao barabara kuu na reli ya TAZARA huelekea Tunduma na mpaka wa Zambia. Nchi hiyo ni ya kahawa na mahindi. Lugha ya nyumbani kwa wenyeji wengi ni Kinyiha, na Kiswahili ni lugha ya shule, ya soko na ya serikali. Msomaji wa pwani, aliyekinyonya Kiswahili pamoja na maziwa ya mamaye, husahau kwa wepesi kwamba mahali kama hapo kujua kusoma kuna vizingiti viwili: kizingiti cha herufi na kizingiti cha lugha.

Na ichukuliwe mfano wa mwalimu wa kisomo katika kata kama hiyo. Mbele yake ameketi mama ambaye kwa miaka ishirini amechuma kahawa, ameimenya na kuianika, naye anataka jambo moja: asome mwenyewe stakabadhi ya chama cha ushirika, ajue kilo zilizoandikwa ni zile zilizopimwa. Hapo mwalimu huyo hafundishi silabi tu. Anafasiri. Analichukua neno la Kiswahili, analipitisha katika Kinyiha, kisha analirudisha ubaoni likiwa limeshikika. Tena anamsomesha mtu ambaye juu ya mbuni anajua mengi kumshinda yeye, na ambaye huenda ni wa rika la mama yake mzazi. Akimkemea kama mtoto, kesho kiti kitakuwa kitupu. Ufundi wa namna hii hufunzwa wapi, na kwa muda gani?

Historia ina jibu lake. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilizaliwa mwaka 1960 chini ya Chuo cha Makerere, ikajitegemea kwa sheria ya Bunge mwaka 1975. Katikati ya miaka hiyo ndipo kazi ilipokuja kwa kishindo. Usiku wa kuamkia mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka huo kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima; wilaya sita zilitangulizwa, vikiwamo visiwa vya Mafia na Ukerewe; na mwaka 1971 chama cha TANU kikaazimia ujinga wa kutojua kusoma uondoshwe nchini ifikapo mwisho wa 1975. Walimu wa shule wasingeweza kutosha kwa azimio kubwa kama hilo. Walioitwa kuziba pengo ni walimu wa kujitolea: wakulima waliomaliza darasa la saba, makarani, wauguzi, wake kwa waume. Walifundwa kwa semina fupi fupi, wakarudi vijijini, wakaanza. Mwaka 1973, katika kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundwa kwa njia hiyo, ngazi kwa ngazi kutoka taifa hadi kijiji, na watu wanaokisiwa kufika milioni 2 wakakusanyika kusikiliza, kujadiliana, na kisha kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vya mbu.

Baada ya Azimio la Musoma la 1974, mtindo huo ukaingia hata katika shule za watoto. Vijana walioajiriwa kwa ajili ya Elimu ya Msingi kwa Wote walifundisha huku wakisoma ualimu kwa posta na kwa redio, na zaidi ya 35,000 wakahitimu. Watu wakawaita walimu wa UPE, na jina hilo, lililokuwa la mpango wa serikali, likageuka kuwa tusi.

Tusi hilo lisipuuzwe, maana lina hoja nyuma yake. Anayesema kwamba mtu mzima anadhulumiwa akipewa mwalimu asiyekamilika hasemi upuuzi. Mtoto akipotezewa mwaka ana miaka mingine ya kufidia. Mama wa kahawa ana jioni zake za kuhesabika: kiangazi chote huchukuliwa na mavuno, na Novemba mvua ikinyesha huchukuliwa na jembe. Jioni moja iliyoharibiwa na mwalimu asiyejua kazi yake ni mali iliyoibwa kwa mtu mwenye akiba ndogo. Na aliyeshindwa mara moja ukubwani aghalabu harudi. Hujiambia kwamba kosa ni la kichwa chake. Kwa hiyo nia njema haitoshi. Kujitolea hakumpi mtu ruhusa ya kubahatisha.

Lakini hoja hiyo ina dhana moja iliyojificha ndani yake, kwamba ukamilifu wa mwalimu hupimwa kwa wingi wa siku alizokaa chuoni. Pwani na visiwani kuna ushahidi wa zamani unaoikanusha. Darsa za baina ya magharibi na isha zimesomeshwa karne kwa karne na watu ambao mchana ni washoni, wavuvi au wachuuzi. Hakuna aliyewaita nusu walimu. Sababu ni kwamba kila mmoja wao alikuwa na mahali pa kurudi: anayesomesha jioni hii, jioni nyingine huketi kwa mwalimu wake, huuliza alipokwama, husahihishwa, na haoni aibu kuonekana akisahihishwa. Ruhusa ya kusomesha kitabu ilitoka kwa aliyemsomesha kitabu hicho. Mnyororo ndio uliokuwa chuo.

Hapo ndipo penye siri ya mafunzo ya muda wa ziada, na ndipo yanapoweza hata kuyapita yale ya muda wote. Anayejifunza Jumamosi namna ya kumfundisha mtu mzima kugawanya, na Jumatatu akajaribu, na Jumamosi ifuatayo akarudi na habari kwamba njia haikufaa kwa sababu wanafunzi wake hugawanya kwa madebe na wala si kwa tarakimu, huyo amejifunza kitu ambacho hakuna ukumbi wa mihadhara ungemwonyesha. Tena ameonja lile wanaloonja wanafunzi wake: uchovu wa kushika kalamu baada ya jembe, na haya ya kutojua mbele ya wengine. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mwalimu ambaye naye bado anafunzwa ana wepesi wa kulikumbuka hilo.

Kwa hiyo kasoro iliyowapata wengi wa walimu wale wa miaka ya sabini haikuwa ufupi wa semina. Kasoro ilikuwa semina isiyofuatwa na nyingine, mwalimu aliyetumwa kijijini na asiwe na wa kumrudia. Kipande cha kwanza cha mafunzo kilichukuliwa kuwa ndicho mafunzo yote.

Ipo na kasoro ya pili, nayo ni nzito zaidi kwa dhamiri. Mwalimu wa kujitolea alipangiwa posho ya shilingi 30 kwa mwezi. Sifa alipewa nyingi: katika hotuba, katika mabango, katika sherehe za vyeti. Mwanzoni sifa ilikwenda sambamba na hamasa, na kazi ikaonekana. Kwa hesabu za serikali, wasiojua kusoma, waliokuwa kama thuluthi mbili ya watu wazima mwishoni mwa miaka ya sitini, walishuka hadi asilimia 9.6 mwaka 1986. Kisha ukata wa miaka ya themanini ukabana, vitabu vikaadimika, posho ikaliwa na kupanda kwa bei, na madarasa yakapwa kama maji ya bamvua. Sensa ya 2002 ilikuta takriban watu 3 katika kila 10 hawajui kusoma wala kuandika. Sababu zilikuwa nyingi, lakini mojawapo ni ya kimaadili: taifa lilichukua jioni za watu likazihesabu kuwa bure. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kiswahili kina maneno mawili ambayo hapa yafaa yatenganishwe. Ziada ni kile mtu anachokiongeza juu ya wajibu wake, kwa hiari, nacho kina thamani kuliko kawaida kwa kuwa hakikulazimika. Baki ni kile kilichosalia baada ya wengine kushiba. Muda wa ziada wa mwalimu wa Itaka ni ziada kwelikweli: umetoka katika usingizi wake, katika shamba lake, katika watoto wake. Dhuluma huanza pale anayeupokea anapoutendea kama baki, akaulipa kwa baki ya bajeti na kuufunda kwa baki ya vitabu.

Jambo hili halikuzikwa na karne iliyopita. Mipango ya MEMKWA kwa watoto walioikosa shule na MUKEJA kwa watu wazima ilitegemea wawezeshaji wa aina ileile, waliofundwa kwa vipindi. Na Novemba 2021, serikali iliporuhusu wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito warudi shuleni, njia mojawapo waliyofunguliwa ilipita katika vituo vya elimu mbadala. Binti mwenye mtoto mgongoni anayerudi kusoma ana akiba ndogo ya jioni kama mama wa kahawa, na ana majeraha zaidi.

Anachostahiki binti huyo ni mwalimu ambaye kujifunza kwake hakujakoma, na ambaye akikwama ana pa kurudi. Anachostahiki mwalimu huyo ni watu wenye kuujua uzito wa jioni anazotoa. La kwanza likikosekana, mwanafunzi hudhulumiwa. La pili likikosekana, hudhulumiwa mwalimu, na baada ya muda mfupi mwanafunzi pia. Nusu mwalimu, basi, yupo. Ni yule aliyemaliza kujifunza, awe alikaa chuoni wiki mbili au miaka minne.