Samaki wa Rangi na Dhamiri ya Mfugaji

Msomaji wetu mmoja wa Mpanda ametuletea swali ambalo kwanza lilituchekesha kidogo, kisha likatukalisha kitako. Yeye ni fundi, baba wa watoto, na sebuleni kwake ameweka tangi la kioo lenye samaki wadogo wa mapambo waliotoka Ziwa Tanganyika. Wageni wakija, watoto huwashika mkono na kuwavuta wakatazame. Sasa rafiki yake amemshauri awachanganye samaki wa namna mbalimbali ili wazaane, apate vifaranga wenye rangi na madoa ambayo bado hayajaonekana, awauze mijini kwa bei nzuri. Naye atuuliza: Je, jambo hili ni halali, au ni kuingilia kazi ya Muumba?

Wako watakaosema kwamba gazeti lina mambo makubwa ya kuandika kuliko samaki wa sebuleni. Sisi hatuoni hivyo. Dhamiri ya mtu hujifunza katika mambo madogo kabla ya kujaribiwa katika makubwa. Tena swali hili, ukilifungua, utakuta ndani yake swali la zamani sana: mwanadamu ana haki gani juu ya viumbe ambavyo hakuviumba yeye? Basi yafaa tulijibu kwa utaratibu.

Kwanza tujue ni samaki gani tunaowasema. Wataalamu huwaita siklidi, nao ni jamaa moja na ngege, sato na perege tunaowala mezani. Ziwa Tanganyika lina aina zipatazo 250 za jamaa hii, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Kuhe, yule mkubwa ajulikanaye sana na wavuvi wa Karema na Ikola, ni mmoja wao. Na wale wadogo kama kidole, wakaao katika mawe ya pwani, ni ndugu zake. Ziwa lenyewe ni la kale mno. Umri wake wahesabiwa kwa mamilioni ya miaka, na kina chake chafika mita 1,470. Katika muda huo mrefu samaki hawa wamegawanyika, kila aina ikapata chakula chake, makao yake na vazi lake.

Katika hao yuko mmoja ambaye wataalamu humwita Tropheus. Ni samaki wa mawe. Hula mwani uotao juu ya majabali, naye huogopa mchanga mtupu na maji ya kina. Kwa hiyo wa jabali hili hamtembelei wa jabali lile, na kila kipande cha pwani kimejipatia rangi yake. Yule wa Ikola ni mweusi mwenye mkanda mpana wa manjano kiunoni. Mama wa aina hii huyabeba mayai yake kinywani, na vifaranga baada ya mayai, karibu mwezi mzima. Nao huwa wachache, mara nyingi hawafiki ishirini. Wafugaji wa Ujerumani na Marekani wamjua samaki huyu kwa jina hilo hilo la Ikola. Wako pia samaki wakubwa wa buluu, wenye nundu kichwani, wauzwao huko kwa jina la Mpimbwe, ile rasi iliyo kusini ya Karema. Watu ambao hawajaona kamwe ramani ya Katavi hutaja majina ya pwani yetu kila siku, kwa sababu ya samaki.

Sasa tulitazame swali lenyewe. Je, kuchanganya viumbe wa namna mbili ni kosa kwa asili yake? Twajibu: La. Mkulima wa Mpanda apandaye mahindi ya mbegu chotara hatendi dhambi, wala mama afugaye kuku chotara ili watoto wapate mayai. Baghala, mtoto wa punda na farasi, amebeba mizigo ya wanadamu tangu zamani za wafalme wa Israeli. Ni kweli kwamba Torati ya Musa iliwakataza Waisraeli kupandisha wanyama wa namna mbili, kama ilivyowakataza kuvaa nguo ya nyuzi za namna mbili. Lakini amri hizo zilikuwa za taifa lile na desturi zake, wala hatujasikia padre akimkemea mtu kwa shati la pamba na nailoni. Tena Yakobo alipomchungia Labani kondoo na mbuzi, ujira wake ulikuwa wale wenye madoa na mabaka, naye akafanya juu chini wapate kuzaliwa wengi. Hatusomi kwamba alilaumiwa kwa sababu ya madoa.

Hata maumbile yenyewe huchanganya. Utafiti uliotangazwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba furu wa Ziwa Victoria na maziwa ya jirani, ambao aina zao ni mamia, wametokana na kuchanganyika kwa koo mbili za kale. Basi asiseme mtu kwamba kila chotara ni machukizo. Anayesema hivyo hajasoma vizuri, wala katika Biblia wala katika ziwa.

Lakini jambo lisilo kosa kwa asili yake laweza kuwa kosa kwa namna linavyotendwa. Kisu si dhambi. Yategemea kimeshikwa kwa nini na chamkata nani. Hapa twaona maswali matatu ambayo fundi wetu hana budi kujiuliza mbele ya tangi lake.

Swali la kwanza: Kiumbe chenyewe chapata nini? Mahindi chotara hulisha watu, na kuku chotara hutaga. Samaki wa rangi mpya hulisha macho tu. Hatusemi kwamba kufurahisha macho ni dhambi. Tukisema hivyo itatupasa tuondoe maua altareni. Twasema tu kwamba furaha ya macho ni kitu chepesi, haifai kununuliwa kwa bei nzito. Katika miaka ya 1980, huko Taiwan, wafugaji walichanganya siklidi wa Amerika wakapata samaki mwekundu aitwaye kasuku. Ni mzuri kutazama, lakini kinywa chake ni kibovu, hakifungi sawasawa, naye hula kwa shida maisha yake yote. Katika miaka ya 1990, huko Malaysia, akapatikana mwingine mwenye nundu kubwa kipajini, na matajiri wakamnunua kwa fedha nyingi mno. Katika kazi ya namna hii, vifaranga wachache tu hupata sura itakiwayo. Wengine hutupwa kama maganda. Hapo mpaka umevukwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yafundisha kwamba twaweza kuwatumia wanyama, lakini kuwatesa au kuwaua bila haja ni kinyume cha heshima ya mwanadamu mwenyewe. Angalia vizuri: haisemi heshima ya samaki, yasema heshima yetu. Anayefurahia uzuri ambao mwenye nao anaubeba kama ugonjwa, amejipunguza yeye.

Swali la pili: Je, kuna ukweli katika biashara hii? Vifaranga chotara wa Tropheus wanaweza kufanana na wa Ikola kiasi cha kumdanganya mnunuzi. Muuzaji akisema "Hawa ni wa Ikola", naye anajua baba yao alitoka pwani nyingine, amesema uongo, na uongo huo hauishi siku ya soko. Mnunuzi atawazalisha, atampa mwenzake, naye mwenzake atamwuzia wa tatu. Baada ya miaka kumi hakuna ajuaye damu ipi ni ipi, wala hakuna awezaye kuitenga tena. Wahenga walisema: Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mwenye kuuza chotara na aseme wazi kwamba ni chotara. Akipata bei ndogo kwa ukweli, hiyo ndiyo bei yake.

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote: Maji ya tangi yataishia wapi? Wako watu ambao, wakichoka na samaki wao, huona huruma kuwaua, wakaenda kuwamwaga mtoni au ziwani. Samaki yule wa nundu sasa anaishi na kuzaa katika maji ya Malaysia na Singapore, mahali ambapo hakuwapo. Lakini kwa nini twende mbali? Sato aliingizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950. Pamoja na uvuvi mkubwa kupita kiasi na pamoja na sangara, yeye naye alichangia kumwondoa ngege wa asili wa ziwa lile, kwa kumnyang'anya mahali na kwa kuzaana naye. Leo mabwawa ya sato yanachimbwa katika mikoa mingi, nasi twayasifu, maana yanalisha familia. Lakini Ziwa Rukwa lina perege wake, asiye na nchi nyingine duniani ila bonde lile. Mvua kubwa ikibomoa ukingo wa bwawa, sato hatauliza ruhusa. Usiache mbachao kwa msala upitao, wazee walisema. Na tena: Maji yakimwagika hayazoleki. Mwenye tangi na mwenye bwawa wote wawili wana wajibu mmoja: alichokichanganya mtu nyumbani kwake kisitoke kwenda kuharibu cha wote.

Twajua kuna msomaji atakayetujibu kwa uchungu: "Ninyi mwasema kwa urahisi. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi tangu tarehe 15 Mei hata tarehe 15 Agosti, nasi tukakaa na nyavu mikononi. Mtu akiona riziki katika tangi la kioo, mwamletea maswali ya dhamiri?" Jibu hili ni la haki, wala hatulipuuzi. Baba mwenye watoto wanaolia njaa halazimiki kuweka rangi ya samaki mbele ya uji wao. Lakini tumkumbushe kwa upole: mali ya pwani yake ni nini hasa? Samaki wa rangi zilizochanganywa aweza kutengenezwa katika tangi lolote, Bangkok au Berlin. Mfugaji wa Mpanda hatawashinda wao kwa mitambo wala kwa mtaji. Samaki wa Ikola aliye safi, mwenye asili ijulikanayo, ana sehemu moja tu ya kutoka. Anayemzalisha huyo bila kumchanganya, kwa kufuata sheria za uvuvi, hupunguza haja ya kuwazoa wale wa mawe, na pia hulinda jina la mahali pake. Anayemchanganya huuza urithi kwa bei ya kitu cha mtaani. Hapa dhamiri na akili ya biashara zinakwenda njia moja, jambo ambalo si la kila siku.

Bado neno moja. Mwaka 1997 wataalamu walieleza habari ya furu wa Ziwa Victoria ambayo yatupasa kuifikiri. Jike wa furu humchagua dume kwa rangi yake. Maji ya ziwa yalipochafuka kwa udongo na taka za mashamba na miji, mwanga ukapungua, majike hawakuweza tena kupambanua rangi. Wakachukua yeyote, na aina zilizokuwa mbalimbali zikaanza kuyeyuka kuwa kitu kimoja cha rangi ya matope. Hakuna aliyewachanganya kwa makusudi. Macho tu yalishindwa kuona.

Twaogopa kwamba jambo kama hilo laweza kutupata sisi. Mtu asemaye kwamba mkanda wa manjano wa Ikola hautoshi, kwamba ni lazima apate na wekundu na madoa, je, ameutazama kweli? Tumejiuliza pia ni watoto wangapi wa Mpanda waliowahi kumwona samaki yule akiwa hai kati ya mawe yake. Pengine ni wachache kuliko watoto wa miji ya Ulaya waliomwona ndani ya kioo. Tunatafuta rangi tusizopewa, na zile tulizopewa hatujazihesabu. Hilo si kosa la samaki wala la tangi. Ni uchafu wa macho, na huo hausafishwi kwa rangi mpya. Kwa maana rangi mpya nayo itazoeleka, na macho yatadai nyingine.

Basi, kwa fundi wetu jibu letu ni hili. Kuchanganya samaki si dhambi kwa asili yake. Lakini usizalishe kiumbe kitakachoteseka kwa ajili ya sura yake. Usiuze kitu kwa jina lisilo lake. Wala usimwachie hata kifaranga mmoja atoke kwenda mtoni au ziwani. Ukiyashika hayo matatu, dhamiri yako haina deni. Ukituomba na shauri, si amri, twasema: waache wa Ikola wawe wa Ikola. Na siku mtakapopata nafasi, wachukue watoto mwende pwani asubuhi, upepo ukiwa umetulia, mkae juu ya majabali na kutazama chini majini. Wasiseme kitu kwa muda. Waache waone wenyewe.