Pa Kugeuzia



Watu wa pwani husema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mwezi uliopita nilishinda tezini kutwa nzima, mbali kabisa na pwani yetu: Staffordshire, katikati ya Uingereza, kwenye mfereji wa Trent and Mersey. Mwenyeji wangu alikuwa mzee mmoja wa usharika wetu wa huku, aliyekodi mashua kwa likizo.

Mashua za mifereji hiyo ni nyembamba ajabu. James Brindley, mhandisi aliyeanza kazi ya kuuchimba mfereji ule mwaka 1766, aliyajenga malango ya maji yenye upana wa mita 2 na kidogo tu, na tangu hapo mashua zikalazimika kufuata kipimo hicho. Zilipobanwa ubavuni zikarefuka. Nyingine zinafika mita 21. Hazina breki, na mwendo wa juu unaoruhusiwa ni kama kilomita 6 kwa saa. Mwenye haraka ashuke atembee.

Saa tano hivi mzee akaanza kupekua huku na huku. Ule mkono wa chuma wa kufungulia malango tulikuwa tumeusahau ukingoni, pale tulipolala.

"Si tugeuze tu?" nikasema.

Akacheka. "Mchungaji, mashua ina mita 18. Mfereji huu una kumi."

Basi tukaendelea mbele dakika arobaini, tukizidi kukiacha kile tulichokuwa tunakihitaji. Sikuwahi kuona toba ya namna hiyo! (Kijana asije akaniambia mchungaji ameruhusu kuendelea na dhambi mpaka ipatikane nafasi.) Lakini wapo watu walioamua kurudi zamani sana moyoni, na bado tunawaona wakielea kule kule. Sisi tulio ukingoni twasema hawajatubu. Huenda wanatafuta pa kugeuzia.

Pahali penyewe ni pengo lililochongwa kwenye ukingo, ng'ambo ya njia ya miguu ambamo zamani farasi walipita wakizivuta mashua. Waingereza hulitamka jina lake kama neno lao la upepo, na wengi husimulia kwamba mabaharia wa mifereji waliuachia upepo uwasaidie kuisukuma mashua. Mzee alipunguza mwendo, akaielekeza omo kwenye pengo, kushoto, polepole mpaka ikagusa tope kati ya matete. Akaisukuma kana kulia hadi mwisho, akaongeza moto kidogo. Maji nyuma yetu yakachemka, rangi ya chai ya maziwa. Omo imetulia topeni, tezi ikaanza kuzunguka, taratibu, ikapita katikati ya mfereji bila kugusa ng'ambo. Tezi haiingizwi penye kina kidogo, maana rafadha ikila tope safari imekwisha. Kisha akarudi nyuma kidogo, mimi nikaisukuma omo kwa pondo, tukawa tunatazama tulikotoka.

Kwa Kiebrania cha manabii, kutubu ni neno lile lile la kurudi: *shuv*. Tukihubiri tumezoea kumpigia kelele anayepaswa kugeuka. Siku ile nilimfikiria aliyeshika sepetu akachimba lile pengo, kwa ajili ya watu ambao hangewaona.

Nimeruka jambo moja. Tulipofika, palikuwa na mashua imefungwa kwenye mdomo wa pengo, mahali ambapo hairuhusiwi kufunga. Kulikuwa na kivuli kizuri. Ningekuwa mimi labda ningefunga pia. Mwenyewe akatoka na kikombe mkononi, akatutazama, akakiweka juu ya paa, akang'oa vigingi vyake na kusogea mita thelathini bila neno.

Nanyi mnalijua benchi la mwisho, lile la karibu na mlango. Mtu aliyepotea miaka akirudi hukaa hapo, na siku hizi tunalijaza sisi, mabegi yetu na makoti. Wazee na akina mama, nawaomba Jumapili hii tusogee mbele, tuliache wazi. Na atakayeketi hapo asiulizwe alikuwa wapi.

Ibada ni saa nane mchana.