Hofu ya Usiku na Usingizi wa Mkristo

Masomo: Ayubu 7:13-14, 1 Wafalme 19:4-8, Marko 4:35-41



Ayubu katika mateso yake alimlalamikia Mungu jambo ambalo wengi wetu twalijua lakini hatulisemi kanisani. Alitumaini kwamba kitanda kitampumzisha, kumbe alipolala alikutana na ndoto za kumtisha na maono ya kumfadhaisha. Mchana alikuwa na majipu, usiku alikuwa na hofu. Maandiko hayakumcheka. Malalamiko yake yamehifadhiwa yasomwe na watu wa vizazi vyote, ili mtu anayeogopa usiku ajue kwamba hayuko peke yake.

Hapa Fumba tuna watu wengi wenye habari na usiku. Wako wavuvi wanaokesha baharini na taa wakitafuta dagaa. Wako walinzi katika majumba mapya yanayojengwa. Wako akina mama wanaoamka mapema kuyawahi maji yakipwa. Na wako wengine ambao kitanda wanacho na saa za kulala wanazo, lakini wanaogopa kufumba macho. Kwa ajili ya hao hasa naandika maneno haya.

Nianze na lile tuliitalo jinamizi. Mtu ameamka, macho yanaona chumba chake, anasikia hata jogoo akiwika, lakini hawezi kuinua mkono wala kuita. Anahisi uzito kifuani kana kwamba ameketiwa. Mara nyingi anahisi kuna kitu kimesimama mlangoni au kinapanda kitandani. Baada ya nusu dakika, au dakika moja mbili, mwili unafunguka, naye anabaki akitokwa na jasho. Aliyepatwa na jambo hili hasemi uongo. Amehisi kweli kile alichohisi.

Waganga wa hospitali wamelichunguza jambo hili na maelezo yake si magumu. Usingizi wetu una sehemu mbalimbali zinazozunguka usiku kucha. Katika sehemu ile ambayo tunaota sana, Mungu ameuwekea mwili ulinzi wa ajabu: misuli hulegezwa kabisa, ili mtu anayeota kwamba anakimbia asiondoke kitandani akajigonga ukutani. Macho na pumzi huendelea na kazi, mengine yote hutulia. Basi siku nyingine akili huamka kabla ya mwili kufunguliwa. Mtu yuko macho, lakini mikono imelala bado na ndoto haijaisha. Ndiyo maana anaona chumba cha kweli na kitu cha ndoto pamoja. Uzito wa kifua nao unatokana na misuli hiyo iliyolegea, kwa kuwa mtu anataka kuvuta pumzi kwa nguvu na kifua hakimtii upesi.

Jambo hili si la Waswahili peke yetu. Wajapani wana jina lao, kanashibari, na watu wa Newfoundland kule Kanada husimulia juu ya kikongwe anayekalia vifua vya watu. Imekadiriwa kwamba katika kila watu 100, karibu 8 wamepatwa nalo angalau mara moja maishani. Halidhuru mwili. Huja zaidi kwa mtu aliyelala chali, aliyekosa usingizi siku kadhaa, anayebadilisha saa za kulala, au mwenye mashaka mengi moyoni.

Yashikeni sana hayo ya mwisho, ndugu zangu, maana ndiyo yatakayotusaidia kuelewa yaliyotokea katika visiwa vyetu mwaka 1995.

Wengi wetu twakumbuka. Habari za Popobawa zilikuwa zimesikika Pemba tangu mwaka 1965, lakini katika miezi ya mwanzo ya 1995, mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi, zilirudi kwa nguvu, zikatoka Pemba zikaingia Unguja. Watu walisema wanakabwa usiku na kufanyiwa mambo ambayo si ya kuandikwa katika gazeti la kanisa. Familia nzima zilitoka nje zikalala uani na barazani, wamejikusanya kuzunguka moto, mmoja akisinzia na mwingine akimwamsha. Haukupita muda mrefu, katika Mji wa Zanzibar, kundi la watu likamkamata kijana kutoka Bara, mgonjwa wa akili, wakadhani ndiye, wakamuua.

Tazameni jinsi hofu ilivyojilisha yenyewe. Habari ilikuja, watu wakaogopa. Kwa kuogopa hawakulala. Kwa kutolala, miili ikachoka na usingizi ukavurugika, na usingizi uliovurugika ndio unaozaa jinamizi. Basi waliokabwa wakaongezeka, habari zikaongezeka, na hofu ikapanda zaidi, hata ikatafuta mtu wa kuibeba. Ikampata yule asiyeweza kujieleza. Huyo hakuwa na bawa wala kucha. Alikuwa mtoto wa mama yake, na mfano wa Mungu.

Nasi tukumbuke mahali ambapo jambo hilo lilitendeka. Ni katika mji ule ule ambamo Kanisa Kuu letu la Mkunazini lilijengwa juu ya soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Kanisa lile limesimama pale likishuhudia kwamba hakuna mtu ambaye uhai wake ni bure. Ushuhuda huo haukuwa kwa ajili ya wazee wetu tu. Mwaka 2007 habari za Popobawa zilisikika tena Dar es Salaam, na siku hizi neno moja katika simu laweza kufika kila nyumba kabla ya kucha. Zikija tena, Mkristo wa parokia hii atasimama upande gani?

Tuulize Bwana wetu alifanyaje. Marko anatuambia kwamba baada ya kufundisha mchana kutwa, Yesu alilala katika shetri ya chombo juu ya mto, na dhoruba haikumwamsha. Mwana wa Mungu alichoka akalala. Basi kulala si uvivu, na kuchoka si upungufu wa imani. Wanafunzi walipomwamsha kwa kelele, alitangulia kuituliza bahari, kisha ndipo akawauliza habari ya imani yao. Angalieni mpango huo. Kwanza utulivu, halafu mafundisho. Jirani anayekuja usiku wa manane akitetemeka, awe Mkristo au Mwislamu, tusimcheke wala tusimhubirie papo hapo. Tumkalishe, tumpe maji, tukae naye. Asubuhi ndipo tumweleze habari ya misuli na ndoto.

Na aliyepatwa na jinamizi afanye hivi. Asipigane kwa mwili mzima, maana hofu itazidi. Avute pumzi polepole, ajaribu kutikisa kidole kimoja cha mguu au cha mkono, na moyoni alitaje Jina la Bwana, akijua kwamba baada ya muda mfupi mwili utafunguka. Akishaamka, aketi kidogo, kisha alale ubavu, asilale chali.

Lakini yako matatizo mengine ya usingizi ambayo hayafai kuvumiliwa nyumbani tu.

La kwanza ni koromo la hatari. Si kila anayekoroma ni mgonjwa. Lakini ikiwa mkeo au mumeo anakoroma sana, kisha ananyamaza kabisa, pumzi imekatika kwa sekunde kumi au zaidi, halafu anashtuka kama aliyezama majini, na hayo yanarudi usiku kucha, huyo ana njia ya hewa inayojifunga usingizini. Asubuhi huamka na kichwa kizito, mchana husinzia hata akizungumza. Ugonjwa huu hufuatana na shinikizo la damu na huudhuru moyo. Na kwa dereva wa daladala au bodaboda ni hatari kwake na kwa abiria. Mwenyewe hajijui, ni wewe uliye karibu naye unayejua. Usimwone kichekesho, mpeleke kwa daktari. Kupunguza unene, kuacha pombe na kulala ubavu husaidia, na tangu mwaka 1981 kuna chombo cha kupuliza hewa kinachowasaidia wagonjwa wa namna hii.

La pili ni kukosa usingizi. Usiku mmoja wa mawazo si ugonjwa. Lakini mtu akikosa usingizi usiku tatu au zaidi kila juma, kwa muda wa miezi mitatu, na mchana hafai kwa kazi, aende kituo cha afya. Hasa yule anayeamka usiku wa manane akiona maisha hayana maana, asikae kimya. Tena vidonge vya usingizi visinunuliwe dukani wala visiombwe kwa jirani.

La tatu ni mtu anayetupatupa viungo usingizini, kuuma ulimi au kujikojolea bila kujijua. Hilo laweza kuwa kifafa, nacho kina dawa hospitalini.

Kwa sisi sote yapo mambo mepesi. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Mtoto wa shule ya msingi saa tisa hadi kumi na mbili. Sisi walimu tumewaona watoto wanaosinzia darasani wakaitwa wavivu, kumbe nyumbani hawakulala. Tulale na kuamka saa zile zile. Kahawa ya barazani inywewe mchana, maana nguvu yake hukaa mwilini saa nyingi. Simu ibaki nje ya chandarua. Na mvuvi aliyekesha, nyumba nzima imheshimu: afungiwe dirisha, watoto wacheze mbali, kwa kuwa usingizi wake wa mchana ndio usiku wake.

Eliya alipoomba kufa chini ya mti jangwani, malaika hakumkaripia. Alimwacha alale, akamwamsha ale, akamwacha alale tena, na baada ya hayo nabii akaweza kutembea siku arobaini. Mungu ndiye aliyejua kwamba mtumishi wake alihitaji chakula na usingizi kabla ya neno jipya. Tusijidai kuwa wa kiroho kuliko hapo.

Basi kila jioni tufunge mlango, tusameheane ndani ya nyumba, tusali, na tumwachie usiku Yeye asiyesinzia wala kulala. Mlango huo uliofungwa kwa amani usifunguliwe kamwe kwenda kumtafuta mtu wa kupigwa.

Tuombe.

Ee Mungu, uliyeumba mchana kwa kazi na usiku kwa raha, uwape usingizi waliochoka, uwatulize wanaoogopa, uwalinde wanaokesha baharini na kazini. Utuepushe na uvumi na hasira ya kundi, ili tuyaheshimu maisha ya kila mtu uliyemwumba. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.