Je, Uzee Una Dawa?

Ijumaa moja, tulipotoka msikitini, mwenzangu anayesomea biolojia aliniuliza: "Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kila ugonjwa una dawa isipokuwa uzee. Wanasayansi wakiipata dawa yake, utasema nini?" Nikanyamaza. Kwa mwanafunzi wa Masomo ya Kiislamu, hiyo ni aibu.

Nikaenda kusoma. Seli ya jicho na seli ya ini zina jeni zilezile. Tofauti ni jeni zipi zimefunguliwa na zipi zimefungwa. Miongoni mwa vifungo hivyo ni alama ndogo za kikemikali, ziitwazo metili, zinazobandikwa juu ya DNA. Elimu hiyo ndiyo epijenetiki. Kadiri tunavyozeeka, baadhi ya alama huongezeka na nyingine hufutika. Mwaka 2013 Steve Horvath alionyesha kwamba kwa kupima sehemu 353 za DNA unaweza kukadiria umri wa tishu nyingi za mwili. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani waliamsha jeni tatu katika macho ya panya wazee, na uwezo wao wa kuona ukarudi kwa kiasi.

Je, hadithi imeanguka? Sioni hivyo. Hadithi hiyo, iliyomo katika Sunan Abu Daud, inaanza kwa kutuamrisha tujitibu. Bibi yangu alipoondolewa mtoto wa jicho, hakuna sheikh aliyesema amepingana na kadari. Kutibu jicho lililozeeka si kuuondoa uzee: panya yule ameona tena, lakini kufa atakufa. Na hata dawa ikituongezea miaka, miaka hiyo nayo imo katika kadari.

Ila swali la mwenzangu limeniachia jingine zito zaidi. Siku ya Kiyama tutaulizwa umri wetu tuliumalizia katika nini, si ulikuwa mrefu kiasi gani. Sura ya 17 imetukataza hata kuwaguna wazazi wanaozeekea mikononi mwetu. Nami, niliyekesha nikisoma habari za uzee, sijapanda teksi kwenda Bombo kumwona bibi tangu muhula uanze, na nauli ninayo. Kumbe nilikuwa nautetea uzee wa kwenye vitabu.

Jumamosi hii nakwenda. Mwenzangu nimemwalika, naye amekubali.

Wabillahi tawfiq.