Mvuke wa Siri Angani

Sheria iliyotungwa kwa busara haimdhani mtu kuwa malaika. Ushahidi wa neno hili umo katika choo cha ndege ya abiria. Mlangoni pana alama ya kukataza sigara, na karibu yake pana kisahani kidogo cha majivu. Msafiri mgeni hushangaa: ikiwa kuvuta kumekatazwa, kisahani ni cha nani? Ni cha mkosaji. Watunga sheria walijua kuwa katika maelfu ya wasafiri hakosekani mmoja atakayevuta juu ya katazo, wakaona ni heri azime kipande chake mahali pa salama kuliko kukitupa katika pipa la karatasi.

Ujuzi huo ulipatikana kwa msiba. Tarehe 11 Julai 1973 ndege ya shirika la Varig, iliyotoka Rio de Janeiro, ilishikwa na moto ikikaribia Paris. Moto ulianzia katika choo cha nyuma, na sigara iliyotupwa katika pipa la taka ilidhaniwa kuwa ndiyo sababu. Marubani waliishusha ndege shambani, karibu na kiwanja cha Orly, walakini watu 123 walikufa, wengi wao kwa kuvuta moshi. Siku zile kuvuta sigara kitini kulikuwa halali. Katazo lilikuja polepole. Marekani ilianza mwaka 1988 kwa safari fupi za ndani ya nchi, ikaendelea mwaka 1990 kwa karibu safari zote za ndani, na mwaka 2000 ikakataza katika kila safari ya kuingia na kutoka.

Kabla kisahani hakijasahaulika kikazaliwa kitu kisichokihitaji. Mwaka 2003 mfamasia wa China aitwaye Hon Lik, mvutaji ambaye baba yake alipatwa na saratani ya mapafu, alibuni sigara ya umeme. Haiwashwi kwa kibiriti. Betri hupasha moto maji yenye nikotini yakawa mvuke, na mvutaji akauvuta. Haina majivu wala kipande cha kutupa, na harufu yake hutoweka upesi. Hapo mkosaji wa zamani alipata hoja mpya. Kama sigara ilikatazwa kwa ajili ya moto na moshi, naye hana moto wala moshi, kosa lake ni lipi?

Utetezi wake wafaa usikilizwe mpaka mwisho, maana si wa kipuuzi. Nikotini humfunga mtu kwa kamba asiyoiona. Safari ya saa kumi ni ndefu kwa aliyezoea kuvuta kila saa, na anayemcheka hajawahi kufungwa. Juu ya hayo, mvuke huo una sumu chache kuliko moshi wa tumbaku. Basi mtu aliyejificha chini ya blanketi, akavuta mara mbili, asionekane wala asinukiwe, amemdhuru nani?

Jibu la kwanza ni la wataalamu. Mvuke ule si maji matupu; huchukua nikotini na chembe ndogo ndogo. Takriban nusu ya hewa ya ndege huzungushwa tena. Vichujio vyake hukamata chembe, walakini havikamati gesi, na jirani wa kiti cha pili huipumua hewa ile kabla haijafika katika kichujio. Jibu hili ni la kweli, lakini ni dhaifu likisimama peke yake. Fundi akibuni kesho chombo kisafi zaidi, jibu litaanguka, na mvutaji atadai haki yake.

Jibu la pili lilijiandika lenyewe angani tarehe 10 Julai 2018. Ndege ya Air China ilikuwa ikienda Dalian kutoka Hong Kong, nayo ilikuwa na abiria 153 na wafanyakazi tisa. Rubani msaidizi alivuta sigara ya umeme katika chumba cha marubani. Akahofu mvuke usiwafikie abiria, akataka kuzima feni ya kuzungusha hewa. Badala yake akazima mitambo inayoingiza hewa ndani ya ndege. Kwa urefu wa futi 35,000, yaani zaidi ya mita 10,000, hewa ya nje haitoshi kumweka mtu katika fahamu zake. Shinikizo la hewa likapungua, barakoa za oksijeni zikaanguka juu ya vichwa vya abiria, na ndege ikashuka kwa haraka mpaka futi 10,000. Baadaye marubani waligundua kosa, wakaiwasha mitambo, na safari ikafika salama. Shirika likatangaza kuwa wahusika watafukuzwa kazi.

Mvuke wa rubani yule haukuripotiwa kumdhuru mtu. Hatari ilitoka katika kuuficha. Alijua kuwa abiria wasingekubali. Kama angalidhani wangekubali, asingalitafuta feni. Mkono uliokwenda kwenye swichi ulikuwa umekwisha kukiri kosa ambalo ulimi ungalilikana.

Chukua mfano wa jahazi lililo katika bahari kuu. Maji ya kunywa yamo katika kasiki moja, na nchi kavu haionekani. Baharia mmoja huamka usiku akatia mkono wake ndani ya kasiki. Yamkini mkono ni safi, yamkini hakuna atakayeugua. Hata hivyo amewakosea wenziwe, kwa kuwa amewaamulia wote, gizani, juu ya kitu ambacho hawana badala yake. Hewa ya ndege ni kasiki ya namna hiyo. Nyumbani mgeni anayechukizwa na moshi hutoka barazani, na katika basi hufungua dirisha. Angani hapana baraza wala dirisha la kufungua. Mtoto mchanga, mama mjamzito na mgonjwa wa pumu wamefungiwa pamoja na mvutaji, nao waliingia kwa kuamini ahadi iliyotangazwa kabla ya kuruka. Ahadi hiyo ni amana mikononi mwa kila abiria. Mwaka 2016 serikali ya Marekani iliona haja ya kutaja sigara ya umeme kwa jina lake katika katazo, ili asiwepo mtu wa kujificha nyuma ya maana ya neno moshi.

Sheria yenyewe, hata hivyo, haikumrahisishia mvutaji jambo. Betri ya lithiamu huweza kuwaka yenyewe, na moto wake katika tumbo la ndege hauna wa kuuona mapema. Kwa hiyo tangu mwaka 2015 chombo hicho kimekatazwa kutiwa katika mizigo ya chini; sharti msafiri akae nacho. Ameamriwa kukichukua mfukoni na amekatazwa kukitia mdomoni. Huu ni mtihani mzito kuliko wa mvutaji wa zamani. Watu wa pwani humwita kobe mtu alaye kwa siri mchana wa Ramadhani, nao humcheka, kwa sababu aliyepunjika ni yeye mwenyewe. Kobe wa angani hachekeshi. Anayemega si funga yake.

Kwa mtu aliyeshikwa na hamu iko njia ya wazi. Ipo mipira ya kutafuna yenye nikotini na vibandiko vya kubandika ngozini, navyo havimgusi jirani. Anaweza kumwita mhudumu akasema kuwa hajisikii vyema, akapewa maji na maneno mema. Kitu kimoja hawezi kupewa, nacho ni ruhusa ya kuvuta. Mhudumu hana uwezo wa kuitoa, wala rubani hanao. Wenye kuweza kuitoa ni wale waliolala katika viti, na hakuna aliyewaamsha kuwauliza.