Nyasi za Machakos na Bahari ya Malindi

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuihuisha ardhi kwa mvua, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad.

Amma baad. Ndugu zangu wa pwani, kila masika mwaiona bahari ya Malindi ikigeuka nyekundu, nanyi husema, "Sabaki umeshuka." Je, mmepata kuuliza wekundu ule watoka wapi? Ni udongo wa bara. Vijito vya Machakos huingia Mto Athi. Athi ukikutana na Tsavo huitwa Galana, na karibu na bahari huitwa Sabaki. Basi shamba la ndugu yetu wa bara laja kuzikwa kwetu, na tope lake hufunika matumbawe yanayowahifadhi samaki wetu.

Kinachouzuia udongo ule ni nyasi tuzikanyagazo bila kuzitazama. Wakamba wazijua kwa majina: mbeetwa, nguu, na ndata kivumbu yenye suke kama mkia. Ni nyasi za asili za nchi kavu. Mashina yake hupunguza kasi ya maji, na mizizi hushika udongo. Lakini zikilishwa bila kupumzishwa hazizai mbegu, na ardhi hubaki tupu.

Ndivyo ilivyokuwa Machakos katika miaka ya 1930. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilitwaa ng'ombe wa watu kwa nguvu, na Muindi Mbingu akawaongoza Wakamba hadi Nairobi kudai haki. Naye akahamishiwa Lamu. Ardhi haikupona kwa kunyang'anya. Ilipona pale wenyewe walipochimba matuta ya fanya juu na kupanda nyasi juu yake, hata ikawa kati ya 1930 na 1990 watu waliongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko ukapungua.

Mtume wetu s.a.w. alitufundisha kuwa watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Lakini ushirika si ruhusa ya kumaliza. Yeye mwenyewe aliyahifadhi malisho ya Naqii, karibu na Madina, kwa ajili ya farasi wa Waislamu. Na Sayyidna Umar r.a. alimwamuru msimamizi wa malisho awaruhusu wenye mifugo michache, wala asiwatangulize matajiri, hata wakiwa Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan. Tazameni: nyasi zililindwa, na mnyonge akalindwa pamoja nazo.

Sisi je? Mwenye ng'ombe mia humaliza malisho ya kijiji, na mjane mwenye mbuzi wawili hukosa. Kisha mvua ikikawia, wengine hukimbilia waganga na hirizi! Swala ya kuomba mvua ni sunna, lakini yatupasa kuitanguliza kwa toba na kurudisha haki za watu. Na anayeiacha ardhi tupu amemdhuru aliye chini ya mto, ajapokuwa hamjui.

Basi mwenye mifugo aigawe ardhi yake, sehemu moja ipumzike mpaka nyasi zimwage mbegu. Mwenye shamba auache ukingo wa mto na nyasi zake. Nasi wa pwani tusinunue makaa ya miti iliyokatwa kingoni mwa mito, kisha tukailaumu Sabaki kwa wekundu wake. Ardhi ni amana, na kila mwenye amana ataulizwa.

Wabillahi tawfiq.