Jina Chini ya Picha

Ugomvi ulianzia kwenye kikaratasi cha maelezo. Katika ukumbi mmoja wa maonyesho mjini London palitundikwa picha ya mwanamke aliyekuwa akilala ndani ya mabasi ya usiku. Chini yake paliandikwa jina la mpiga picha, mwaka, na maneno "mwanamke asiye na makazi". Ni mwanamke huyo aliyechagua mahali pa kusimama, akachagua koti, akabonyeza waya wa kufyatulia kamera, kisha akaketi na mpiga picha kuchambua picha ipi ibaki. Aliomba jina lake liandikwe, akanyimwa. Nilipouliza sababu, msimamizi alinijibu kwa upole unaoniudhi hadi leo: mtu mwenye dhiki kama ile hana hiari ya kweli, basi hawezi kuhesabiwa mshirika.

Ushirikiano na tuuchukulie kama wengi wanavyouchukulia, watu kutenda jambo moja kwa kusudi moja. Hapo sina neno. Ninachokipinga ni hiyo hoja ya hiari.

Eti mwenye njaa hukubali lolote. Haya, tuseme ni kweli. Basi hata ridhaa yake ya kupigwa picha ni batili, na picha ishushwe ukutani leo hii. Mbona haishushwi? Saini yake inatosha kuuanika uso wake mbele ya umati, ila haitoshi kuliweka jina lake chini ya uso huohuo. Dhiki inamwondolea akili pale tu anapodai haki. Na mpiga picha je? Naye ana kodi ya nyumba, naye anahangaikia ruzuku, lakini sijasikia akiambiwa kwamba uhitaji umemfanya asiwe mtunzi. Mwanamke anayelala nje huamua mengi kwa usiku mmoja: basi lipi lina safari ndefu, mlango upi una taa, nani wa kumwachia mfuko. Anayesema mtu huyu hajui kuchagua hajawahi kumsikiliza.

Wapo wanaohofia mume katili asije akalisoma jina hilo. Hofu hiyo ni ya haki, na wa kuipima ni mwanamke mwenyewe. Wapo wanaosema sifa huishia kwa mpiga picha, nami nakubali.

Mwaka 1936, kule Nipomo, California, Dorothea Lange, akilipwa na serikali ya Marekani, alimpiga picha mama mmoja kambini na watoto wake bila kumuuliza jina. Dunia ilimjua mama huyo kwa jina, Florence Owens Thompson, mwaka 1978 tu, naye akalalamika kwamba picha ile haikumpa hata senti. Tangu 2002, Anthony Luvera amekwenda njia nyingine na watu wasio na makazi nchini Uingereza: huwafundisha kutumia kamera kubwa ya stendi, mshiriki akajipiga mwenyewe kwa waya, na jina lake likaingia katika anwani ya picha.

Waya huo naupenda kupita kiasi. Katika kamera kubwa, picha hupangwa kwenye kioo cha nyuma. Filamu ikishaingizwa, kioo kinazibwa, na wakati wa kufyatua hakuna anayechungulia kupitia lenzi. Jicho la fundi, linalosifiwa vitabuni kana kwamba ndilo sanaa yote, halina kazi dakika hiyo. Kinachobaki ni kuamua: sasa. Uamuzi huo umo kiganjani mwa mwanamke.

Sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya 1988 inatambua kazi ya watunzi wawili ambao michango yao haitenganishiki, na hakimiliki ikiwa ya wote wawili, mmoja hawezi kumruhusu mtu kuitumia bila idhini ya mwenzake. Hapo ndipo ninapokwama. Mwanamke yule akipata nyumba kesho na kutaka picha isionyeshwe tena, huku mwenzake akiiona ndiyo kazi yake bora, nani asikilizwe? Moyo wangu uko kwa mwanamke. Lakini Thompson, aliyejutia kupigwa picha ile, aliugua sana mwaka 1983. Wanawe wakaomba msaada kwa umma, na zaidi ya dola 25,000 zikachangwa na watu waliomjua kwa picha hiyohiyo. Kama angekuwa na uwezo wa kuizuia tangu mwanzo, naamini angeuzuia uso wake usionekane, na sijui kama ningethubutu kumwambia asifanye hivyo.